Land Cruiser Kuukuu Itazila Safari Zako

Kuna ushauri mmoja anaopewa kila Mtanzania anayetangaza kwamba sasa anataka kuizunguka nchi yake. Ataupata kijiweni, ataupata kazini, ataupata kwenye kamati ya harusi, tena mara nyingi kutoka kwa shemeji ambaye hajawahi kuvuka Chalinze: “Shemeji, kwanza tafuta Land Cruiser. Hata ikiwa imechoka, wewe chukua. Zile hazifi.” Hapo hufuata sifa ambazo sote tumezikariri. Haikwami. Spea zake zipo kila duka. Fundi yeyote anaiweza. Ukiichoka utaiuza kwa bei uliyonunulia, pengine na cha juu. Na ukiagiza Japani utapata yenye kilomita chache, iliyokuwa ya mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akiendea sokoni tu.

Ushauri huo umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuuliza maswali. Mimi naupinga. Nasema kwamba kwa familia ya mshahara wa kawaida inayotaka kuziona Mikumi, Ruaha, Ngorongoro na Kitulo, 4x4 kubwa iliyochoka ndicho kikwazo cha kwanza cha kusafiri. Inameza fedha za safari kabla safari haijaanza, halafu inameza likizo yenyewe ikiwa imepandishwa juu ya mawe gereji. Wapo wanaoihitaji kweli, na nitawataja. Wengi wanaosukumwa kuinunua hawamo katika kundi hilo.

Hoja ya kwanza ya watetezi ni kwamba barabara zetu hazina huruma. Barabara zipi? Wengi wao bado wana kichwani ramani ya miaka ya tisini. Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, njia iliyokuwa ikiwalaza madereva wa malori porini masika mazima, ilizinduliwa ikiwa lami mwaka 2018. Ukitoka Makuyuni ukapita Mto wa Mbu na Karatu, lami inakufikisha mpaka lango la Ngorongoro. Lushoto unapanda kwa lami kutoka Mombo. Mikumi ndiyo usiseme: barabara kuu ya Iringa na Mbeya inakata katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi huwaona twiga na tembo bila kunyanyuka kitini. Tangu 2024 treni ya SGR inawashusha watu Morogoro na Dodoma. Kwa majirani zetu pia mambo yamegeuka. Njia ya kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, ambayo Wakenya wa kizazi kilichopita waliihesabu kuwa adhabu, leo ni lami.

Lami huisha, sikatai. Ukishapita lango la Ngorongoro kuelekea Serengeti unakutana na vumbi, mawe na barabara iliyojikunja kama bati la paa. Kushuka kreta ni lazima uwe na 4x4, na sharti hilo lina sababu. Udongo mweusi wa Tarangire kusini na wa Katavi ukishalowa hauchagui gari, unalikamata hata lile la askari wa hifadhi. Lakini tuhesabu siku. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Toa za msiba, toa za kwenda kuwaona wazazi, toa za ada na usajili wa watoto. Zinazobaki ni chache, na wengi huzitumia mwezi Juni shule zikifungwa, wakati ardhi ni kavu. Katika siku hizo, siku ya kreta ni moja. Kwa hiyo mtu anashauriwa anunue gari la siku moja alilishe siku 365. Karatu pale wapo watu wenye Land Cruiser nzima, wenye dereva anayejua kila kona ya kreta, wanaokodisha kwa siku. Siku ya kreta kodi hiyo, siku nyingine panda unachokimudu.

Halafu kuna historia tunayojifanya tumeisahau. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, tena kwa makusudi wakati wa mvua za Pasaka, kwenye tope ambalo wengi wetu leo tungeligeuzia gari na kurudi nyumbani. Nani walishinda? Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano kwa Datsun. Peugeot 504, gari lililokuwa likibeba abiria na magunia kijiji hadi kijiji, lilishinda 1975 na 1978. Yote hayo yalivutwa na magurudumu mawili. Audi na Peugeot zilipoleta 4x4 miaka ya themanini, Toyota Celica yenye kuvuta nyuma tu iliziburuza 1984, 1985 na 1986. Ilibidi tusubiri hadi 1987 ndipo 4x4, Audi 200, ikaibuka mshindi wa jumla.

Mtetezi atasema: yale yalikuwa magari ya mashindano, yakifuatwa na mafundi kwa helikopta. Sawasawa kabisa, na hapo ndipo ninapotaka tufike. Kilichoyafikisha ni tairi, dereva na fundi. Idadi ya magurudumu yanayovuta ilikuja baadaye.

Ukitaka ushahidi usio na helikopta, toka nje ya mji asubuhi. Nani anabeba abiria na mirungi kwenye njia mbovu za Kenya? Probox. Nani anaingiza watu kwenye vijiji vya ndani vya Manyara, Tanga na Kilimanjaro? Noah, na nyingine zimefungwa kioo kwa gundi ya karatasi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile Mwasapila, walikwenda kwa Coaster, kwa Hiace, kwa pikapu, kwa kila kilichokuwa na usukani. Siisifu hali ya magari hayo. Ninachosema ni kwamba Mtanzania wa kawaida anafika kila siku mahali ambapo wewe unaambiwa hutafika bila Land Cruiser.

Sasa tuiguse sifa yenyewe: haifi. Imetoka wapi? Imetoka kwenye magari ya Umoja wa Mataifa, mashirika ya misaada, hospitali za misheni na serikali. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa 1984, hasa zile zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na turbo, zilipita mahali ambapo hata mjumbe wa miguu alisita. Hilo ni kweli, na halihitaji chumvi. Lakini waulize waliowahi kuziendesha kazi ilivyofanyika. Gari lilinunuliwa jipya. Lilikuwa na kitabu cha huduma, lilikuwa na karakana, lilikuwa na ofisa usafirishaji aliyelirudisha gereji likitimiza kilomita 5,000, liwe linalia au halilii. Oili ilibadilishwa kabla haijawa lami. Spea ilitoka kwenye boksi lake, na aliyelipa alikuwa mfadhili. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sifa iliyojengwa na bajeti hiyo sasa imehamishiwa kwenye gari lenye miaka 25, lililouzwa mnadani baada ya shirika lenyewe kupiga hesabu na kuona kulitunza kumekuwa hasara. Mtu mwenye karakana, mafundi na fedha za wafadhili ameshindwa kulibeba. Wewe na mshahara wako wa tarehe 25 utaliweza kwa njia gani?

Hiyo 1HZ inayosifiwa nayo ina taimingi belti inayotakiwa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Muulize dalali ilibadilishwa lini. Atakuangalia kana kwamba umemuuliza tarehe ya kuzaliwa ya bibi yake.

Tena jina la Land Cruiser limebandikwa kwenye mashine zisizofanana. Wanaosimulia ushujaa wa gari la misheni lenye springi za majani ndio hao hao wanaokupeleka kuangalia Prado. Prado nyingi za miaka ya tisini zina injini ya 1KZ yenye turbo, ambayo ikichemka mara moja silinda hedi yake huweza kupasuka, na kila fundi wa dizeli anaijua tabia hiyo. Zilizofuata zina 1KD, ambayo nozeli zake za kielektroniki hazipendi mafuta machafu ya kwenye pipa wala hazitengenezwi kwa bisibisi. Ukienda juu zaidi, kwenye V8 za kifahari, utakuta zenye mfumo wa kunyanyua bodi kwa mafuta ya presha. Ukifa, gari hulala chini na fundi wa Sumbawanga ataishia kukuonea huruma. Kila moja ni gari zuri kwa mwenye uwezo wa kuitunza. Kuikopesha moja sifa ya nyingine ndiko kunakowaumiza wanunuzi.

“Spea zipo kila duka.” Zipo, na ndiyo sababu uwe macho. Gari linalopendwa na wengi ndilo linaloghushiwa na wengi. Zunguka Kariakoo na Gerezani utapewa bei tatu za bushi moja: orijino, mtumba na feki, na mara nyingine zote tatu zimo kwenye boksi lenye nembo ileile. Bushi feki kwenye gari la mjini ni kelele. Kwenye gari la tani mbili na ushee, lenye kitanda cha hema juu ya paa na madumu nyuma, ni usukani unaokwenda unakotaka wenyewe.

Twende Japani kwa yule mzee mstaafu. Gari la 2002 lenye kilomita 98,000 linawezekana. Ila kwa nini yote yaliyoko yadi yana kilomita 98,000? Kurudisha nyuma kilomita ni biashara ya zamani, na gari likipitia soko la nchi ya tatu kabla ya kutufikia, kumbukumbu hupotea kirahisi. Dawa ipo wala haihitaji mganga. Omba hati ya usafirishaji ya Japani, ambayo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kisheria wa huko. Omba karatasi ya mnada. Yenye alama ya R au RA ni gari lililokwisha kugongwa na kutengenezwa. Kisha lala chini ya gari. Kaskazini ya Japani humwagwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huila chasisi kimyakimya wakati bodi juu inang’aa. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari inataka maelezo.

Na kodi? Chukua Prado iliyozidi miaka 10, yenye thamani ya 100 ikifika bandarini Dar es Salaam. Ushuru wa forodha ni 25, unakuwa na 125. Juu ya hiyo, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000 ni 12.5, na asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uchakavu ni 37.5. Umefika 175. VAT ya asilimia 18 ni 31.5. Jumla 206.5, kabla ya tozo ndogondogo, bandari, wakala na namba. Umelipa kodi inayozidi thamani ya gari lenyewe, na thamani hiyo TRA huitoa kwenye hifadhidata yake, si kwenye risiti uliyoandikiwa. Serikali inakutoza kwa uchakavu kwa sababu haitaki uchakavu. Kenya imekwenda mbali zaidi na haipokei gari lililozidi miaka minane. Uganda ilifunga mlango kwa yenye miaka 15 na kuendelea kwa sheria ya 2018. Sisi tumeachiwa uhuru wa kulipia kosa wenyewe.

Watetezi wakibanwa hapo hukimbilia kwenye ngome yao ya mwisho: lakini haishuki bei, ni akiba. Ni kweli kwamba gari hili hushika bei kuliko mengi. Tutazame linavyoishika. Dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300 mwaka 2022, ikapita 2,700 mwaka 2024. Gari lililouzwa kwa shilingi zilezile baada ya miaka hiyo limeshuka. Kilichobaki palepale ni tarakimu. Halafu ongeza ulichokizika ndani: matairi matano, betri mbili, shokapu, springi, klachi, rejeta, bima. Muuzaji anapotamba kwamba ameuza kwa bei aliyonunulia, hizo hazimo kwenye hadithi. Akiba ya kweli haichomi dizeli. Mwenye fedha za akiba aende kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT au kwenye hatifungani za serikali, zisizodai oili.

Kuhusu mafuta, tuchukue safari moja ya Dar es Salaam hadi Ruaha. Kwenda, kurudi na kuzunguka ndani ya hifadhi ni takriban kilomita 1,500. Land Cruiser nzito iliyosheheni itakunywa karibu lita 200. Suzuki Jimny ya cc 1,300 itakunywa lita 130 hadi 140. Jimny ina chasisi ya kweli, ina gia za lo, ni nyepesi kiasi kwamba watu wanne wanaweza kuisukuma itoke kwenye mchanga, na langoni ada ya gari hutozwa kwa uzito. Familia ya watu watano haitoshi humo, nakubali. Ichukue basi Suzuki Escudo ya kati ya 2005 na 2015. Nyingi zina gia za lo na zinabeba watoto na mizigo. Lakini taja Suzuki mbele ya wale wa “haifi” uone watakavyocheka. Kicheko hicho kina maana yake. Sehemu kubwa ya mapenzi ya Land Cruiser haihusiani na barabara. Inahusiana na kuegesha mbele ya ukumbi wa harusi. Kama heshima ndiyo unayonunua, nunua, fedha ni zako. Usitudanganye tu kwamba ni kwa ajili ya Katavi.

Nani basi anaihitaji? Mwenye kambi porini. Mtafiti anayekaa Rukwa mwaka mzima. Nesi wa zahanati ya ng’ambo ya mto. Mwongoza watalii wa Arusha ambaye gari linamwingizia mkate. Na msafiri wa kweli anayetumia miezi kuvuka nchi baada ya nchi. Kwa hao, gari linafanya kazi kila wiki, na kila shilingi linayokula linairudisha.

Ukijiona ni mmoja wao, nunua kwa macho makavu. Fika asubuhi, shika boneti. Ikiwa na joto, injini imewashwa kabla yako ili kuficha jambo. Weka lo, endesha, sikiliza transfa na difu zote mbili. Gari lililokuwa la kitalii likague katikati ya chasisi, maana mengi hukatwa na kurefushwa, na ubora wa uungaji unatofautiana karakana hadi karakana. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zote bado ni ndefu. Linganisha namba ya injini na kadi. Na bei mkishakubaliana, weka pembeni theluthi nyingine ya bei hiyo kwa mwaka wa kwanza. Usipokuwa nayo, gari hilo bado hujaweza kulinunua.

Kwa wengine wote, ambao ndio wengi, naomba jambo moja. Kabla hujampigia dalali, chukua karatasi. Andika bei ya gari, kodi, bima, matairi na gereji kwa miaka mitatu. Gawanya kwa siku utakazokuwa hifadhini kweli, si zile unazoziota. Linganisha na gharama ya kukodi gari zima lenye dereva kwa siku hizo, au ya kwenda na kigari ulichonacho mpaka lami inapoishia. Ukikuta Land Cruiser kuukuu ni nafuu, inunue na upuuze niliyoandika. Ukikuta ni ghali, fedha hizo tayari ni safari kadhaa. Wapeleke watoto Mikumi Juni hii.